Kupima lishe ya chakula cha kulikiza nyumbani: kuanzia mizani ya jikoni hadi maabara

Ukiulizia unga wa lishe soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, Makambako au Soko Kuu la Iringa, muuzaji atakutajia orodha ndefu: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, halafu soya na karanga kidogo. Orodha hiyo haikuambii lishe. Nafaka sita zilizosagwa pamoja bado ni kundi moja la chakula, na mtoto wa miezi saba hapati chochote cha ziada kwa kuwa zimekuwa sita badala ya moja. Kinachopaswa kujulikana ni nguvu kiasi gani anaipata kwa kila gramu anayomeza, protini na mafuta yakoje ndani yake, na kama chakula chenyewe ni salama. Na vyote hivyo vipimwe kwenye kikombe cha mtoto, kwa sababu unga mzuri ukitiwa maji mengi unabaki kuwa maji ya rangi ya kahawia.

Nyanda za Juu Kusini zina kila sababu ya kulishughulikia jambo hili. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchi nzima, lakini Iringa ni takriban asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi, maharage na maziwa. Njaa ya gunia tupu haielezi takwimu hizo. Sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye sufuria ya uji, na sufuria inapimika.

Vifaa

Unahitaji mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja hadi kilo tano, jagi lenye alama za mililita, kipimajoto cha chakula, saa, na daftari. Mizani uihakiki kabla ya kuiamini: weka chombo, irudishe kwenye sifuri, mimina maji ya mililita 500, isome gramu 500 au karibu sana na hapo. Ikikosea kwa gramu 20, badilisha betri, na ikiendelea kukosea tafuta nyingine.

Usipime kwa sado wala kwa kijiko halafu ukaandika gramu. Kijiko cha chakula kilichojaa kilima hubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa, na kikombe cha karanga hakilingani uzito na kikombe cha unga wa ulezi. Makosa mengi ya michanganyiko ya nyumbani huanzia hapo: mtu anaambiwa "tatu kwa moja", anapima kwa ujazo, na uwiano wa uzito unakuwa mwingine kabisa.

Hesabu ya unga kabla ya kupika

Hatua ya kwanza haihitaji moto. Tumia thamani hizi za wastani kwa kila gramu 100 za chakula kikavu (nguvu kwa kilokalori, kisha protini na mafuta kwa gramu):

- Dona ya mahindi: 360, 8.5, 4
- Ulezi: 330, 7.3, 1.3
- Mchele: 360, 7, 0.6
- Maharage makavu: 335, 22, 1
- Soya: 430, 36, 20
- Karanga: 570, 25.5, 49

Kwa kila kiungo, zidisha thamani yake kwa sehemu yake katika mchanganyiko, kisha jumlisha. Chukua unga wa nafaka tupu: dona gramu 50, ulezi 30, mchele 20. Nguvu inakuwa 180 + 99 + 72, yaani kilokalori 351. Protini ni gramu 7.8 hivi na mafuta gramu 2.5.

Sasa linganisha na miongozo ya kimataifa ya vyakula vya nyongeza vya watoto, ile ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula: unga mkavu utoe angalau kilokalori 4 kwa gramu, protini itoe asilimia 6 hadi 15 ya nguvu yote, na mafuta yatoe angalau asilimia 20. Gramu moja ya protini ina kilokalori 4, ya mafuta 9. Kwenye unga wetu wa nafaka, mafuta yanatoa 2.5 × 9 = 22.5, ambayo ni asilimia 6 tu ya 351. Umeshindwa vibaya. Protini inatoa kilokalori 31, yaani asilimia 9, na hapo wengi hufurahi. Wasifurahi mapema. Protini ya mahindi na nafaka nyingine ina upungufu wa laisini, kiungo ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, hivyo sehemu ya protini hiyo haitumiki kujenga mwili. Maharage na soya zina laisini nyingi. Hiyo ndiyo maana ya kuchanganya nafaka na kunde, wala si utamu.

Jaribu dona 750, soya 150, karanga 100, jumla kilo moja. Kwa kila gramu 100: nguvu 270 + 64.5 + 57 = 391.5, protini 6.4 + 5.4 + 2.6 = 14.4, mafuta 3 + 3 + 4.9 = 10.9. Protini ni asilimia 15 hivi ya nguvu, mafuta asilimia 25. Nguvu imekaribia sana kilokalori 4. Ukipandisha soya hadi 200 na kushusha dona hadi 700, protini inapanda kufikia asilimia 16, juu ya kiwango. Kwa hiyo soya nyingi zaidi haina maana ya unga bora zaidi, na inaufanya uji uwe na ladha ambayo watoto wengi huikataa.

Ulezi usiutupe kwa sababu ya hesabu hii. Una kalsiamu nyingi sana, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakaribii. Badilisha nusu ya dona kwa ulezi ukitaka. Fanya hesabu upya tu, maana mafuta yatashuka na utahitaji kuyafidia.

Ushauri wetu mmoja wenye mkazo: karanga zisisagwe pamoja na unga wa kuhifadhi. Mafuta yake huchacha ndani ya wiki chache na kuharibu kilo nzima. Zikaange, ziondoe maganda, zisage kidogo kidogo, na uziongeze sufuriani.

Kipimo cha sufuria

Hiki ndicho kipimo ambacho tungependa kila mlezi akifanye walau mara moja. Maji huvukia uji ukichemka, lakini nguvu ya unga haivukii. Kwa hiyo ukijua nguvu yote uliyoingiza na uzito wa uji uliotoka, unajua nguvu ya kila gramu.

1. Pima sufuria tupu pamoja na mwiko wake. Andika.
2. Pima unga, maji, maziwa, mafuta, kila kimoja peke yake. Andika.
3. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, bandika, pika kwa muda wako wa kawaida.
4. Ipua, pima sufuria, mwiko na uji pamoja. Toa uzito wa hatua ya kwanza.
5. Gawa jumla ya kilokalori kwa gramu za uji.

Lengo ni angalau kilokalori 0.8 kwa gramu. Chukua unga wetu wa 391 kwa gramu 100. Mama anayepika uji wa kunywa huweka gramu 100 kwenye lita moja na nusu, na sufuria ikiipuliwa inabaki na gramu 1,300 hivi. Jibu ni 0.30. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Akila nusu kikombe cha mililita 250 mara tatu, ni gramu 375 hivi. Kwa uji huu anapata 113. Ameshiba, tumbo limejaa, amelala, na amepata kama nusu tu ya anachohitaji. Mwenye miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na kuanzia mwaka mmoja hadi miwili 550, kwa hiyo pengo linazidi kupanuka jinsi anavyokua.

Gramu zilezile 100 kwenye mililita 700 za maji, zikabaki gramu 640, zinatoa 0.61. Bado. Badilisha mililita 300 za maji hayo kwa maziwa ya ng'ombe, ambayo hukosi Rungwe wala Njombe: yanaongeza kama kilokalori 190, jumla 581, gawa kwa 640 unapata 0.91. Au acha maji, kisha kwenye bakuli la mtoto lenye gramu 200 za uji wa 0.61 ponda gramu 40 za parachichi bivu: 122 + 64 = 186, gawa kwa 240, unapata 0.78. Parachichi liingie uji ukiwa umepoa kidogo. Likichemshwa huwa chungu. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, kama gramu 5, kinaongeza kilokalori 45 kwenye bakuli, ila hakiongezi protini wala madini, hivyo kisiwe suluhisho la kila siku peke yake.

Na kuna jambo ambalo kipimo hiki hulifichua haraka kwa watu wa Makete, Umalila au Kitulo: viazi mviringo vilivyochemshwa na kupondwa bila kuongezwa maji vina karibu kilokalori 0.87 kwa gramu, vimeupita uji mwingi tayari. Vimepungukiwa protini tu. Ponda gramu 150 za viazi na yai moja lililoiva kabisa pamoja na mililita 30 za maziwa: unapata kilokalori 220 hivi na gramu 10 za protini kwenye gramu 230 za chakula, sawa na 0.96. Ndizi za kupika za Tukuyu nazo zihesabiwe hivyohivyo. Uji si sheria.

Mzito lakini ulike: mtelezo na kimea

Ukiongeza unga ili kufikia 0.8, uji unaganda na mtoto anausukuma nje kwa ulimi. Wanga unapopikwa hufyonza maji na kuvimba. Ndipo watu huongeza maji, na safari inarudi mwanzo.

Kupima mtelezo, kata bomba la plastiki la maji lenye kipenyo cha sentimita 5, urefu sentimita 5. Lisimamishe juu ya sahani bapa, lijaze uji wenye nyuzi 45, linyanyue, na baada ya dakika moja pima upana wa uji uliotapakaa. Joto lazima liwe lilelile kila mara, kwa sababu uji huzidi kuganda ukipoa na utajidanganya. Kipimo hiki hakina kiwango rasmi. Kinakusaidia kulinganisha uji wako wa jana na wa leo. Jikoni, kipimo cha kila siku ni kijiko: kiinamishe, uji ubaki kijikoni na kudondoka polepole. Ukitiririka kama chai, ni mwepesi mno.

Dawa ya uji mzito ni kimea, na huku kusini hakuna haja ya kukitafuta mbali, maana wapika pombe ya kimpumu wanakijua. Chagua ulezi safi, uloweke usiku mzima, umwage maji, uutandaze kwenye kitambaa chenye unyevu na kuufunika. Utachipua kwa siku mbili hadi tatu. Mwezi wa sita na wa saba Njombe na Makete baridi itauchelewesha, hivyo uweke karibu na meko. Chipukizi zikifika nusu sentimita, anika juani hadi ukauke kabisa, sugua kuondoa mizizi, saga. Ulezi tunaupendelea kuliko mtama kwa sababu machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi. Ukitumia mtama, machipukizi na mizizi vyote lazima viondolewe.

Pika uji mzito, gramu 100 za unga kwa mililita 450 za maji. Ipua, acha upoe hadi nyuzi 60 au 65. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe, koroga dakika tano hadi kumi; utauona ukilegea mbele ya macho yako. Kisha urudishe jikoni uchemke tena dakika chache. Usiiruke hatua hiyo, kwa kuwa nafaka iliyochipuliwa hubeba vijidudu vingi. Ukibakiza gramu 480, nguvu ni 0.81 na mtoto anameza bila shida.

Kimea kikikataa kufanya kazi, sababu huwa mbili. Ama kilitiwa kwenye uji unaotokota, na joto hilo huua vimeng'enya vinavyokata wanga, ama ulezi ulikaangwa baada ya kuchipua ili "unukie", na hapo pia vimeng'enya vimekufa kabla ya kufika sufuriani.

Soya na maharage: je, vimeiva?

Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia mwili kumeng'enya protini. Unga wenye asilimia 14 ya protini kwenye karatasi unaweza kumpa mtoto kidogo sana kama soya ilipitishwa tu kwenye kikaango. Utaratibu wa kutumia: chagua, mimina kwenye maji yanayochemka, chemsha nusu saa, osha na kusugua maganda, anika, kaanga hadi rangi ya dhahabu iliyokolea kidogo, saga. Mbeya mjini ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Sehemu za Njombe na Makete huchemka chini ya nyuzi hizo. Kwa hiyo ongeza dakika kumi kuliko maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani.

Kuna kipimo rahisi. Soya mbichi ina kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachogeuza urea kuwa amonia, na moto unaokiua ndio unaoua pia vizuizi vya protini. Chukua chupa mbili ndogo zenye vifuniko. Ya kwanza tia kijiko cha chai cha unga wa soya mbichi, ya pili unga wa soya yako iliyoandaliwa. Kila moja ongeza mililita 50 za maji ya uvuguvugu na punje chache za mbolea ya urea. Funga, tikisa, acha nusu saa, fungua na unuse kwa mbali. Chupa ya soya mbichi itatoa harufu kali ya amonia. Karatasi ya litmasi nyekundu iliyoloweshwa ikishikwa mdomoni mwa chupa itageuka bluu. Chupa ya pili isinuke. Ikinuka, soya haijaiva, irudishe motoni. Ikiwa chupa ya soya mbichi nayo hainuki, kipimo chenyewe kimekosewa, labda maji yalikuwa ya moto mno. Mwaga vyote, na chupa hizo zisirudi jikoni kamwe.

Usipitilize upande mwingine pia: soya iliyoungua hadi kahawia nyeusi imepoteza laisini ileile uliyoifuata.

Maharage yana hatari yake. Yakisagwa mabichi na kupikwa dakika kumi ndani ya uji, sumu yake ya asili haifi, na mtoto atatapika na kuharisha. Yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji, yachemshe hadi yapondeke kwa vidole viwili bila kiini kigumu katikati, ndipo uyaponde au kuyakausha na kuyasaga.

Watu wengine hukopa kemikali za maabara ya shule: ayodini kuona wanga, kopa salfeti na haidroksaidi ya sodiamu kuona protini. Rangi ya bluu nyeusi au zambarau inakuambia kitu kipo. Haikuambii ni kiasi gani. Dona tupu nayo ina wanga na protini. Ziacheni shuleni.

Unyevu, ukungu na mchanga

Mahindi ya kusaga yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa makadirio: kausha chumvi juani, tia vijiko vichache kwenye chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi theluthi moja, funga, tikisa dakika tatu, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Huko juu, mavuno yakikutana na ukungu wa milimani, hali hii ni ya kawaida.

Sumukuvu haipimwi kwa macho, kwa pua wala kwa ulimi, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unachoweza ni kupunguza: peta, kisha chagua punje moja moja, ukitupa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu. Karanga ukishazimenya ngozi zikague tena, kwa kuwa nyingi mbovu hujificha ndani ya ngozi. Hizo mbovu asipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa. Sumu inarudi kwenye maziwa.

Dagaa ni chanzo kizuri sana cha protini, kalsiamu na madini ya chuma, lakini wale walioanikwa chini huleta mchanga. Waoshe kwenye beseni jeupe mara tatu, tazama masalia chini, wakaushe, wakaange kidogo, ndipo usage. Na kabla unga haujaingia kwenye kopo, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni: mashine zenye visagio vipya huacha vumbi la chuma. Mwambie pia mwenye mashine asage kilo moja ya mahindi yako kwanza kusafisha mabaki ya mteja aliyetangulia, na kilo hiyo usimpe mtoto.

Ukienda maabara

Hesabu za jedwali zinatosha nyumbani. Kikundi kinachotaka kuuza unga, au kituo kinacholisha watoto wengi, kipime kwa kweli. Mbeya kuna ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Dar es Salaam kuna Shirika la Viwango (TBS) na Taasisi ya Chakula na Lishe. Ulizeni kwanza nani anapima nini kwa sasa, bei, na uzito wa sampuli. Kwa wauzaji, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kujiandaa.

Sampuli mbaya huharibu kila kitu kinachofuata. Chota unga juu, katikati na chini ya kila mfuko, changanya kwenye nailoni safi, tandaza duara, igawe kwa msalaba, bakiza robo mbili zinazotazamana, changanya tena, rudia hadi ubaki na nusu kilo au kilo. Igawe mifuko miwili inayofungwa vizuri: mmoja maabara, mmoja ubaki nao. Andika tarehe, viungo kwa gramu na mahali. Kwa sumukuvu chukua sampuli kubwa zaidi, maana sumu hujikusanya kwenye punje chache na unaweza kuikosa.

Omba: unyevu, majivu, protini, mafuta, nyuzinyuzi, madini ya chuma, zinki na sumukuvu. Unyevu hupatikana kwa kukausha kwenye tanuri la nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Majivu kwa kuunguza nyuzi 550. Mafuta kwa kuyeyusha. Protini kwa kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Kumbuka hilo la mwisho: mashine inahesabu naitrojeni. Ndiyo mwanya uliotumiwa China mwaka 2008, melamini ilipotiwa kwenye maziwa ya watoto ili protini ionekane nyingi.

Mfano wa kusoma ripoti: unyevu 9, protini 13.2, majivu 2.1, mafuta 10.1, nyuzinyuzi 2.6. Jumla 37, hivyo wanga ni 63. Nguvu: (13.2 × 4) + (10.1 × 9) + (63 × 4) = kilokalori 396. Sasa tazama kama ripoti imeandikwa kwa unga kama ulivyo au kwa unga mkavu. Protini hiyo ya 13.2, ukigawa kwa 0.91, inakuwa 14.5 kwa unga mkavu. Watu hugombana juu ya unga upi ni bora kumbe wanalinganisha safu mbili tofauti. Majivu yakiwa makubwa kuliko viungo vyako vinavyoweza kueleza, shuku mchanga wa dagaa. Chuma kikiwa kikubwa ajabu, shuku visagio.

Chuma kilichomo si chuma kinachofyonzwa. Nafaka na kunde zina faiteti inayokishikilia. Kuchipua na kuchachua hupunguza faiteti, na papai, chungwa au mboga mbichi laini husaidia ufyonzaji. Chai inauzuia, na Mufindi na Rungwe, kwenye mashamba yenyewe ya chai, mtoto mdogo hupewa chai na uji kana kwamba ni kitu kimoja. Asipewe.

Kipimo cha sahani nzima na cha mtoto

Mara moja kwa wiki, andika kila alichokula mtoto kwa saa 24 na uhesabu makundi: maziwa ya mama; nafaka, viazi na ndizi; kunde na karanga; maziwa ya wanyama; nyama, kuku na samaki; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kama mchicha, boga, viazi lishe na embe; mboga na matunda mengine. Afikie angalau matano kati ya manane. Unga hata uwe bora vipi huhesabika makundi mawili tu.

Chakula kipya kiingie kimoja kimoja, siku mbili tatu kila kimoja. Asali asubiri atimize mwaka. Uji usikae kwenye chupa ya chai tangu asubuhi hadi jioni. Ukishapita saa mbili bila kuliwa, mwaga.

Kliniki, angalia mstari wa kadi badala ya namba ya siku moja. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea: chini ya sentimita 12.5 anahitaji kuonwa, chini ya 11.5 apelekwe siku hiyohiyo. Uji ukipita vipimo vyote na uzito umesimama miezi miwili, usiongeze soya. Mpeleke akachunguzwe minyoo, malaria, mkojo na kifua, na uende na daftari lako ili mhudumu aone alichokula na kiasi chake.